Kiboksi cha kuchomoa sauti kwenye HDMI: projekta yangu sasa inasikika kwenye amplifaya, ila tumetoka mbali

Nianze na lawama kabisa ili tuelewane. Spika za ndani ya projekta ni utani. Ya kwangu imeandikwa wati 5, kaspika kamoja kadogo kama kifuniko cha chupa ya maji, kamewekwa ubavuni karibu na feni, kwahiyo unaangalia muvi maneno yanakuja yamechanganyika na shhhhhh ya feni. Alafu projekta yenyewe nimeifunga kwenye siling nyuma ya kochi, sasa picha iko ukutani mbele, sauti inatokea kisogoni. Mtu analia mbele yako, kilio kiko nyuma. Nimevumilia hivyo miezi minne huku pembeni ya ukuta nina amplifaya ya zamani ya stereo na spika mbili za kusimama zimekaa tu zinakula vumbi, yaani ujinga mtupu.

Nimejaribu njia tatu kuunganisha, mbili zimenichosha, ya tatu ndio hiki kiboksi ninachokisifia leo. Siwezi kukisifia bila kusema nimepita wapi, maana kuna watu hawakihitaji kabisa na watapoteza hela bure.

Njia ya kwanza ni ile kila mtu anaanza nayo, lile tundu dogo la hedifoni la milimita 3.5 nyuma ya projekta. Unanunua waya, upande mmoja pini ndogo, upande mwingine vichwa viwili vya RCA, nyekundu ni kulia nyeupe ni kushoto, unachomeka AUX kwenye amplifaya basi. Angalizo, soma vizuri pale nyuma, projekta nyingi zina matundu mawili yanafanana kama mapacha, moja la kuingiza sauti lingine la kutoa. Mimi nilichomeka la kuingiza nikakaa nusu saa nabonyeza rimoti nikiamini waya ni mbovu, na waya maskini hauna kosa lolote.

Ukishapata tundu lenyewe sauti inatoka mara moja, spika ya ndani inajizima yenyewe. Hapo kuna kitu kidogo watu wanakosea, wanaacha sauti ya projekta iko chini alafu wanapandisha amplifaya mpaka mwisho, matokeo yake unasikia mchakacho kama redio iliyo nje ya stesheni. Fanya kinyume, projekta iweke juu kama asilimia 80 hivi, kupunguza na kuongeza fanyia kwenye amplifaya.

Sasa kwanini nikaiacha hii njia wakati ni rahisi hivyo? Umbali. Projekta iko nyuma juu, amplifaya iko mbele chini, waya nilionunua ni mita 10 unapanda ukuta unatambaa siling unashuka, na ulivyowaka tu nikasikia mmmmmmmmm. Mngurumo hauishi, muvi ikinyamaza wenyewe unaongea. Nikajua amplifaya imekufa. Kumbe sio. Projekta inachukua umeme kwenye soketi moja, amplifaya soketi nyingine upande mwingine wa chumba, alafu waya wa sauti unaziunganisha katikati, basi kunatokea mzunguko kupitia waya wa ethi, ule umeme wenyewe unaingia kwenye sauti. Ndio maana mngurumo unakuwa wa chini chini, umeme wa majumbani unacheza mara 50 kwa sekunde, kuna nchi ni 60, na sikio lako linasikia hiyo hiyo pamoja na watoto wake, 100, 150 na kuendelea.

Nilichofanya ni kuvuta ekstensheni moja ikalisha vyote viwili, mngurumo ukapungua sana ila haukuisha. Nikaongeza kale kadude ka kuzuia, ka bei ya chini, ndani yake kuna vitransfoma viwili vidogo, sauti inavuka bila chuma kugusana na chuma. Mngurumo ukafa kabisa, lakini nakwambia ukweli na besi ikapungua, vitransfoma vidogo namna ile sauti nzito haviiwezi. Na tafadhali usije ukamsikiliza mtu anakwambia vunja ile pini ya ethi kwenye plagi. Mngurumo utaondoka kweli, ila siku kifaa kikipata shoti utakuwa wewe ndio waya wa ethi.

Kama projekta yako unaiweka mezani karibu na amplifaya, waya wa mita moja na nusu, simama hapa hapa. Usiendelee kusoma kutafuta matatizo, umemaliza.

Njia ya pili bluetooth. Projekta inayo, nikanunua karisiva kadogo kanakaa nyuma ya amplifaya, kanatoa nyekundu na nyeupe. Dakika mbili nimeunganisha, hakuna waya siling, hakuna mngurumo, nikajiona mjanja. Nikafungua muvi. Mlango unafungwa, kimya, alafu *paa*. Mtu anafunga mdomo ndio neno linafika. Watoto walicheka wakaanza kuigiza, wanafungua mdomo kwanza alafu wanaongea, ikawa ndio mchezo wa wiki nzima.

Bluetooth ya kawaida sauti inabanwa kwanza, inatumwa, inasubirishwa, inafunguliwa, hapo kwa kawaida inakula milisekunde 150 mpaka 250 hivi. Muvi inaenda fremu 24 kwa sekunde, kila fremu ni kama milisekunde 42, kwahiyo sauti iko nyuma fremu nne mpaka sita. Shirika la kimataifa la mawasiliano ITU lilishatoa viwango vyake mwaka 1998, kwamba mtu anaanza kushtuka sauti ikichelewa kama milisekunde 125, lakini ikiwahi anashtuka kwenye 45 tu. Ukifikiria ina mantiki, maisha yetu yote sauti inafika baada ya picha, radi unaiona kwanza ngurumo baadae, ubongo umezoea kusamehe sauti inayochelewa, inayowahi hausamehi. Kumbuka hili maana litanirudia mbele.

Zipo bluetooth za haraka, aptX Low Latency inashuka mpaka kama milisekunde 40, ila lazima pande zote mbili ziwe nayo, na projekta yangu haina. Kwahiyo hako karisiva sijakatupa, kanapiga muziki kutoka kwenye simu vizuri sana, muziki hauna mdomo wa kuufuatilia. Kwa muvi hapana.

Haya, kiboksi sasa. Sokoni wanakiita audio ekstrakta. Ni kidogo, kinaenea kiganjani, upande mmoja HDMI ya kuingia, upande mwingine HDMI ya kutoka, tundu la optiko (linatoa sauti kwa mwanga), tundu la 3.5 (vingine vinakuja na RCA kabisa), umeme kinatumia waya wa USB volti 5. Kazi yake ni moja tu, picha na sauti vinaingia pamoja, picha kinaipitisha iende zake kwenye projekta, sauti kinachota kinakupa pembeni.

Wazo lililonikaa kichwani ni hili. Mimi nilikuwa nahangaika kuirudisha sauti kutoka kwenye projekta wakati sauti haikuwa na sababu ya kwenda huko! Laptopu na TV boksi viko mbele pale pale na amplifaya, sauti nilikuwa naipandisha siling mita 10 kwenye HDMI alafu naishusha tena mita 10. Ni kama kumtuma mtoto aende mpaka mwisho wa barabara arudi akuletee chumvi iliyoko mezani kwako. Ukiichota sauti mwanzoni, kabla haijapanda, waya wa sauti unakuwa nusu mita, na vyote viko kwenye ekstensheni moja, hata ule mngurumo unakosa pa kuzaliwa.

Usiku wa kwanza nimechomeka kila kitu, picha safi, sauti hamna. Kimya. Nikabadilisha waya, kimya. Nikachomeka hedifoni moja kwa moja kwenye kiboksi, kimya. Nikaandika meseji kwa muuzaji ya hasira ambayo namshukuru Mungu sikuituma, maana kosa lilikuwa kaswichi kadogo ubavuni kenye maandishi ya kusoma kwa tochi: PASS, 2CH, 5.1CH. Kalikuwa kwenye 5.1CH.

Hiki ndio kitu kikubwa kuliko vyote kwenye riviu hii kwahiyo niruhusuni nikae hapa kidogo. TV boksi kabla haijatuma sauti huwa inauliza mbele yangu kuna nani, anaelewa sauti gani. Kile kiboksi ndio kinajibu, na hako kaswichi ndio jibu. Ukiweka 5.1CH kinasema hapa kuna mtambo mkubwa wa spika sita, nitumie Dolby. TV boksi inatuma Dolby iliyofungwa kama kifurushi. Tundu la 3.5 na RCA haviwezi kufungua kifurushi hicho, vinaelewa PCM ya stereo tu, sauti iliyo wazi, kwahiyo vinanyamaza. Vingine havinyamazi, vinatoa kelele za ajabu kama faksi. Ukiweka 2CH kinajibu hapa ni kushoto na kulia tu, TV boksi inaivunja yenyewe sauti ya spika sita kuwa mbili, na wewe unasikia. PASS inaiacha projekta ijibu, na kila projekta ina jibu lake, hapo ni bahati nasibu.

Nikaweka 2CH bado kimya. Hapo nusura nilie. Kumbe hayo maswali yanaulizwa mara moja tu mwanzoni, lazima uchomoe HDMI uchomeke tena, au uzime uwashe vyote. Na kwenye setingi za TV boksi nikaenda kwenye sauti nikatoa "otomatiki" nikachagua PCM. Nikazima, nikawasha, na spika za kusimama zikaongea. Watu walikuwa wamelala, wakaamka.

Tofauti yake sijui niieleze vipi. Sio ukubwa wa sauti tu, ni kwamba maneno sasa yanatoka kwenye midomo ya watu, ukutani. Nimeziweka spika kushoto na kulia kwa picha, umbali kati yake unakaribia umbali wa kutoka kila spika mpaka nilipokaa, ile pembetatu ya pande sawa, twita (kale kaspika kadogo ka sauti nyembamba) iwe usawa wa masikio. Ukikaa katikati unasikia kabisa mtu anaongea katikati ya ukuta ambapo hakuna spika yoyote. Anayekaa pembeni ya kochi haoni huo muujiza, nimekubali.

Kama zako zinasikika pana pana lakini hazina katikati na besi imekimbia, angalia waya za nyuma ya spika, kuna moja umegeuza nyekundu na nyeusi, koni moja inatoka nje wakati mwenzake inaingia ndani wanauana. Kama waya hauna alama, chukua betri ya volti 1.5, gusisha kwenye waya sekunde moja tu, koni ikitoka nje basi ule ulioshika chanya ndio nyekundu.

Na kuna dogo mmoja ndugu yangu aliona tundu la AUX limejaa akachomeka PHONO. Msifanye hivyo. PHONO ni ya sahani za santuri, ina kikuza sauti chake cha ndani kinaongeza kama desibeli 40 na kuinua besi juu yake, sauti ya kiboksi ikiingia pale ni mkwaruzo mtupu na spika zinaweza kuondoka. TUNER, CD, TAPE, zote hizo sawa, jina sio kitu.

Wati nazo watu wananiuliza sana. Ya kwangu ni 40 kwa kila upande na sijawahi kuvuka robo ya kitasa. Kuongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, ni tofauti ya kawaida sana sikioni, kwahiyo usitishwe na makaratasi. Hata amplifaya ndogo za daraja D zinazokaa kiganjani zinatosha chumba. Kitu cha kuangalia ni ohm (ukinzani wa spika), kama amplifaya imeandikwa isipungue 8 usiipe spika za 4.

Sasa zile milisekunde nilizosema zitanirudia. Nikiwa nimeshajipongeza, siku ya tatu naona kitu hakijakaa sawa, safari hii sauti inatangulia mdomo. Kidogo sana, ila ukishaiona huwezi kuacha kuiona. Sababu ni projekta. Ikipokea picha inaishika kwanza inaichezea, inanyoosha pembe kama umeiweka upande, inalainisha mwendo, na yote hayo yanakula muda. Zamani sauti ilikuwa inapita humo humo inasubirishwa pamoja na picha. Sasa mimi sauti nimeitoa njiani, haimsubiri mtu. Na kuwahi ndio kule ambako ubongo hausamehi.

Nilifanya hivi: ile ya kulainisha mwendo nikaizima (na picha ikapendeza zaidi, muvi ziliacha kuonekana kama tamthilia), pembe nikaacha kunyoosha kwa menyu nikapanda ngazi nikaigeuza projekta yenyewe mpaka ikakaa mraba, alafu kilichobaki nikakimalizia kwenye pleya ya laptopu, nikachelewesha sauti milisekunde 80. Hiyo namba ni ya kwangu, ya kwako itafute kwa kuangalia mtu anayepiga makofi. Risiva za kisasa (zile amplifaya zenye HDMI, sio kale ka bluetooth) zina setingi hiyo ndani yake. Kiboksi hakina, na hapa nakilaumu, kwa kitu ambacho kazi yake ni kutenganisha sauti na picha ningetegemea kiwe na namna ya kuzisubirisha.

Malalamiko mengine. Kinapata moto, sio wa kuunguza ila usikifunike na kitambaa. Nilianza na kingine, kilikufa baada ya wiki tatu, sikitaji. Kikiwa cha zamani kinachoelewa HDCP (kufuli ya kuzuia muvi zisinakiliwe) 1.4 tu, muvi za 4K zilizofungwa zinakupa ukuta mweusi, kwahiyo hakikisha wameandika 2.2. Na waya mrefu wa HDMI, mimi projekta ni 1080p na mita 10 za shaba zinapitisha bila shida, lakini kwa 4K ya fremu 60 urefu huo picha inaanza kumeta meta na kukatika, hapo utafute HDMI ya nyuzi za mwanga, na uangalie mshale wake maana ina upande wa kuingia na upande wa kutoka, ukiipitisha siling kinyume utalia.

Mngurumo ulirudi mara moja tu, siku nilipochomeka king'amuzi chenye waya wa dishi. Ule waya wa dishi unakuja na ethi yake kutoka nje, mzunguko ukapatikana tena. Nikaacha tundu la 3.5 nikatumia optiko, kwa sababu ndani ya optiko hakuna chuma, ni mwanga tu unapita kwenye plastiki, Toshiba walianza nayo mwaka 1983 na mpaka leo hakuna mngurumo unaoweza kuupita. Amplifaya yangu haina optiko kwahiyo katikati nimeweka kakigeuzi kadogo kanachopokea mwanga kanatoa nyekundu na nyeupe, nako kanataka PCM vile vile. Usisahau kutoa vile vifuniko vya plastiki kwenye ncha za waya, siwezi kusema nimejuaje.

Nani asinunue? Kama amplifaya yako ni risiva ya kisasa yenye HDMI, wewe achana nacho, chomeka TV boksi kwenye risiva alafu risiva itume picha kwenye projekta, ndio kazi iliyozaliwa nayo. Na kama projekta ina HDMI iliyoandikwa ARC na risiva nayo inayo, waya mmoja unapandisha picha na kurudisha sauti, kitu hicho kipo tangu HDMI 1.4 ya mwaka 2009. Kiboksi hiki ni chetu sisi tulio na amplifaya nzee nzima ambazo hatutaki kuzitupa.

Nyota nne kwa tano. Ile moja nimeikata kwa sababu rimoti ya projekta haina tena mamlaka na sauti, sauti haifiki kwake, na amplifaya yangu ni ya enzi za vitasa, haina rimoti. Tangazo likiingia kwa kelele nyumba nzima inanigeukia mimi, nainuka napunguza, nakaa. Muvi inarudi haisikiki, nainuka tena.